Lonnie Kapewa Hamsini, Mimi Kumi

Mpendwa Mama Odessa, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo, maana wivu unanila na sina wa kumwambia. Mimi na jirani yangu Lonnie Pruitt tulikuwa mafundi wa malori ya jeshi, karakana moja hapa Killeen, miaka kumi na minne ya spana za upepo zinazotetemesha mpaka meno, na sote wawili tukatoka na mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia imeharibika, vidole vinakufa ganzi, kikombe kinaniponyoka, tukaomba mwezi uleule kupimwa ulemavu, maana jeshi hulipa kwa asilimia ya ulemavu, na majibu yalipokuja yeye kapewa asilimia hamsini na mimi kumi, kumi tu, Mama, kama niliyejikwaruza.

Sasa gari lake lina zile namba za askari mlemavu wanazopewa wa hamsini kwenda juu, na kila asubuhi nikifungua pazia ndizo ninazoziona, na mke wangu Charlene naye ni Lonnie hivi, Lonnie vile, juzi kanambia, "Mwenzako anajua kujieleza, wewe ukiulizwa unauma midomo tu," nikaiacha sahani mezani. Na kwa daktari wa kupima ulemavu sikwenda ovyo, nilinyoa ndevu, gango ninalovaa kushikilia kifundo cha mkono nikalivua nikaliacha garini asije akaniona legelege, akaniambia nibane vidole vyake nikavibana mpaka akakunja uso, akauliza naumwa wapi nikamjibu, "Niko sawa, daktari," kama askari anavyojibu. Lonnie yeye alimwambia waziwazi kwamba mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Mwanamume mzima!

Jumamosi kanisa letu lilikaanga kambare, na baada ya kula nikamwona Lonnie anacheza ule mchezo wa kurusha viatu vya farasi kwenye kigingi, anarusha kwa kushoto, anacheka, nikamchukua video kwa simu, na barua ya kumshtaki kwamba ni mwongo iko tayari. Majibu yangu yana miezi kumi na moja sasa. Niipeleke barua au nizidi kuumia?

Royce, Killeen

Royce, pole kwa mkono. Pole hiyo ni ya kweli, lakini haitanizuia kukusema.

Umeandika mwenyewe kwamba Lonnie alirusha kwa kushoto. Miaka kumi na minne mmefanya kazi bega kwa bega. Ulimwona lini akishika spana kwa kushoto? Umempiga picha mtu ambaye mkono wake wa kulia umekufa, halafu unataka picha hiyo imshtaki. Ukiipeleka, utakuwa shahidi wake.

Hakuna aliyekuibia asilimia. Ulilificha gango garini, ukambana daktari vidole, ukamwambia uko sawa, naye akaandika alichoonyeshwa. Ulitaka aandike nini? Nimekuwa muuguzi wa jeshi miaka ishirini, nawajua nyie. Kwenye paredi anayesema anaumwa huchekwa, basi mnaubeba ujinga huo hadi kwa daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lonnie alimeza aibu akasema habari ya vifungo, na mimi naona hilo lilihitaji moyo kuliko kubana vidole vya mtu.

Sasa sikiliza. Una mwaka mmoja tangu tarehe ya majibu kuomba yaangaliwe upya bila kupoteza malipo ya nyuma, na umebakiwa na mwezi. Barua ya kumshtaki ichane leo. Kesho nenda kwa yule afisa wa kaunti anayewasaidia askari wastaafu, hatozi kitu, mwambie unataka kupeleka ushahidi mpya. Nenda na gango mkononi. Andika kila kinachokuponyoka na kila unachoshindwa kufunga.

Kisha utahitaji barua ya mtu aliyekuwa nawe kazini, aliyeuona mkono wako ukianza kuharibika. Mtu huyo ni mmoja tu na anaishi mlango wa pili. Mgongee. Ukiona haya kumweleza ya video, usimweleze, ifute uende. Mwambie tu, "Lonnie, mkono wangu unaniuma, naomba uniandikie." Akikutania, mvumilie.

Ila kabla ya Lonnie kuna Charlene. Mimi hunijui, na umenieleza kwamba kikombe kinakuponyoka. Yeye hujamwambia, umemwachia aokote vigae tu.