Miwani Niliyomnunulia Mama Aone Kaburi Lako

Baba,

Nimefunga kibanda mapema leo, jua bado liko juu ya mapaa ya Mchafukoge, nimekaa kwenye kiti chako nikuandikie. Usiwe na wasiwasi, kibanda kipo. Luninga zenye mgongo mkubwa haziji tena. Naletewa zile bapa zilizopasuka kioo na simu zilizotumbukia chooni. Lakini watu bado wanauliza, "Hapa si kwa fundi Mchagga?" Nawajibu ndiyo, kaa hapo.

Nataka nikueleze habari za Mama, na za kitu nilichonunua ambacho wewe ungekigeuzageuza kutwa nzima bila kukiamini.

Mama hakukuzika, Baba. Siku ile ulipoanguka, alipopewa taarifa naye akaanguka. Kiharusi kikamchukua upande wa kushoto. Sisi tunapandisha jeneza Machame, yeye amelazwa huku Dar, hajui hata leo ni siku gani. Alipotoka hospitali tulimpandisha kwa kiti hadi ghorofa ya tatu, na hajashuka tena. Safari ya Kilimanjaro daktari amekataa katakata.

Kila asubuhi nikimpa uji ananiuliza, "Mmemweka wapi?"

Namwambia kwenye kihamba, Mama, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, karibu na Bibi.

"Nani aliona?"

Mimi niliona.

"Wewe ulikuwa unalia. Mtu anayelia haoni."

Nikampigia Baba Mdogo Elia nikamwomba picha. Akatuma nyingi tu. Kaburi safi, maua ya plastiki, yeye mwenyewe kasimama pembeni kofia mkononi. Mama akazipitia moja moja kwenye simu yangu kwa kidole cha kulia, akanirudishia. "Picha inaonyesha anachotaka aliyepiga. Mbona zote kapigia upande mmoja?"

Nilidhani ugonjwa umeanza kumpanda kichwani. Lakini nilipofika kibandani nikazifungua tena. Kweli. Zote zilikuwa za upande mmoja.

Rehema ndiye aliyenipa wazo. Humjui, tumefahamiana baada yako. Ni mpiga video wa harusi, ofisi yake iko jirani na Mnazi Mmoja, na alikuwa amenunua kamera inayopiga pande zote kwa mpigo mmoja. Akaniambia mtu akivaa miwani yake maalumu anakuwa kama kasimama pale pale, akigeuza kichwa anaona nyuma, akiinua macho anaona juu. Wasomi wanaiita miwani ya uhalisia pepe. Kariakoo wote wanaiita VR, basi. Rehema alikuwa na harusi Moshi wiki mbili mbele. "Nitapita kwenu nipige. Miwani utafute mwenyewe."

Zile wiki mbili, Baba, nilikuwa kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Nilisoma kila nilichokipata. Nikajua kwamba kuna zile za kuchomeka simu, rahisi, lakini picha yake inachelewa ukigeuza kichwa, na kuchelewa huko ndiko kunaleta kizunguzungu. Kwa mtu wa kiharusi hilo nikalifuta. Kuna zinazotaka kompyuta kubwa, nazo nikaziacha. Nilitaka inayojitegemea, nyepesi usoni, inayoacha nafasi ya miwani yake ya macho ndani, na yenye kitufe cha kusogeza vioo vikae sawa na mboni. Nilitaka pia nafasi ya kutosha kuhifadhi video yenyewe ndani, maana video ya pande zote ni nzito, ukiitazama kwa mtandao inakwamakwama. Na betri iliyo hai. Nikamuuliza daktari wake. Akasema avae akiwa amekaa, dakika chache chache, akisikia kichefuchefu mvue.

Nikaingia Kariakoo. Duka la kwanza kijana muuzaji alisikia tu lafudhi yangu akaruka. "Dada wa nyumbani! Machame gani wewe? Kwa wa nyumbani nakupa bei ya nyumbani." Boksi lilikuwa jipya, nailoni inang'aa. Nikalinusa. Nailoni ya kiwandani hainuki moto wa pasi, Baba, hilo ulinifundisha nikiwa bado navaa sare ya shule. Nikamwambia afungue.

"Ukifungua umenunua, dada."

Basi niwashie hiyo ya maonyesho. Akasitasita, akawasha. Nikaivaa. Mbele ya macho yangu likatokea jina la mtu mwingine kabisa na sehemu ya kuandika nywila. Nikaivua, nikaigeuza, nikaangalia skrubu. Vichwa vyake vilikuwa vimechubuka. Ilikuwa ya mtu, ikafunguliwa, ikafungwa. "Hiyo ndogo tu, tunai-flash, jina linafutika," akasema. Nikamshukuru mtu wa nyumbani nikashuka ngazi.

Duka la tatu au la nne alikaa mama mmoja wa Lindi, Mama Mwanaidi, amejitanda kanga begani, anauza mashine za michezo ya video. Huyu hakuruka. Aliuliza, "Anavaa nani?" Nikamwambia mama yangu, mgonjwa. Akairudisha kabatini ile ya bei kubwa niliyokuwa nimeishika. "Hiyo inaelemea mbele, shingo yake haitaiweza. Chukua hii, ukanda wake unashika kisogoni."

Nikamshuku mara mbili zaidi. Mfanyabiashara gani wa Kariakoo anakuhamisha kwenye mali ghali? Nilikagua kila kitu. Namba ya kwenye boksi na ya kwenye mashine, zilifanana. Vioo nikavimulika kwa tochi ya simu, havina mkwaruzo. Nikaiwasha, nikaizima, nikaichaji palepale, nikasimama dukani saa nzima nikiangalia betri inavyoshuka. Wateja wananipita. Yeye anakunywa chai yake ya tangawizi tu. Mwishowe akasema, "Mwanangu, nani alikutenda?"

Nililipa, nikaondoka na risiti, na usiniulize kama njiani sikufungua boksi tena kuhakikisha hakunibadilishia.

Rehema akarudi Jumatatu. Alisema Baba Mdogo alimpokea vizuri mno. Alimwelekeza, "Simama hapa, mwanangu, hapa ndipo panapendeza," akakaa mbele ya kamera na kofia yake. Rehema akasimika kamera juu ya stendi yake, akarudi nyuma ya migomba asionekane. Baba Mdogo hakujua kwamba kile kidude kina jicho pia kisogoni.

Nilimvisha Mama saa nne asubuhi. Alikataa kwanza. "Mnanifunga macho mnanipeleka wapi?" Nikamwambia Machame. Akacheka kwa dharau, lakini akainamisha kichwa. Nikakaza ukanda kisogoni, nikasogeza vioo, nikamuuliza unaona vizuri?

Baba, alikusalimia. Kwa Kichagga, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia ukirudi jioni umechoka. Mimi nilikuwa nimemshika mabega asianguke. Akanyosha mkono wa kulia chini, vidole vikawa vinachuma kitu hewani, vinavuta, vinachuma. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anang'oa magugu kwenye kaburi lako.

Nilimwacha ang'oe.

Kisha akainua kichwa. Akageukia kulia, taratibu, akageuka zaidi, hadi shingo ikafika mwisho, nikamzungusha na kiti.

"Masale yako wapi?" akasema.

Nikamuuliza masale gani.

"Ya mpaka. Yale majani marefu aliyopanda babu yenu. Yalikuwa hapa nyuma, hatua kumi. Naona mawe."

Nitakuambia ukweli: sikumwamini. Nilishuku macho yake, nikashuku ugonjwa, halafu nikashuku mashine. Kamera ile ina macho mawili, na pale picha mbili zinapoungana kitu kinaweza kumezwa kisionekane. Nikaenda na Rehema ofisini kwake, tukaifungua video kwenye kompyuta, tukatafuta mshono. Ulikuwa kwingine kabisa, upande wa banda la ng'ombe. Penye masale picha ilikuwa nzima. Hapakuwa na masale. Palikuwa na mstari wa mawe ya msingi, na mfuko wa saruji umefunikwa kwa majani ya migomba.

Nikapanda basi la alfajiri bila kumwambia mtu.

Baba Mdogo alinikuta nimesimama juu ya ule msingi. Vyumba vitatu vya kupangisha, vimevuka mpaka na kuingia upande wako, ukuta wa mwisho ungepita miguuni pako. Masale yenyewe yalikuwa yametupwa bondeni, mengine bado mabichi. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima, kuanzia Chalinze. Nikasema tu, "Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba." Aliangalia chini. "Nani kakuambia?"

"Mama ameona."

"Mama yako yuko Dar kitandani."

"Ameona."

Akavua kofia. Nilidhani atanipigia kelele, ni shamba la ukoo, mimi ni mtoto wa kike. Badala yake akakaa juu ya jiwe. "Nilijua shemeji hawezi kupanda tena mlimani," akasema. "Na ninyi watoto mkija mnaangalia kaburi tu, mnalia, mnaondoka. Hamjui hata mpaka uko wapi."

Hilo liliniuma kuliko msingi wenyewe, kwa sababu ni kweli. Nilisimama pale siku ya mazishi na sikujua kwamba nyuma yangu kuna mpaka.

Wazee wa ukoo walikaa. Sitakuchosha na yote yaliyosemwa, unawajua wanavyoongea. Mawe yakaamriwa yatolewe. Baba Mdogo akaambiwa hasira si ya wazee, hasira iko Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na yeye ndiye atakayepanda ngazi.

Alikuja baada ya wiki. Nilimfungulia mlango nikamwona na jani la isale mkononi, la mmea ule ule wa mpaka, amelifunga fundo kama inavyotakiwa mtu anapoomba msamaha. Mzee mzima, jasho linamtoka kwa ngazi. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Mama. Nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua, kwamba Mchagga akiletewa isale hakatai. Ndiyo maana nilishuku hata hilo jani. Nilijiuliza kama ni majuto au ni ujanja wa mtu anayejua mlango usiofungwa.

Mama alilikagua lile fundo kwa macho. Kisha akanyosha mkono wake ule wa kulia, akalipokea.

"Nimelipokea hili," akasema. "Sasa kayapande yale mengine."

Ameyapanda. Ananitumia picha, safari hii za pande zote nne, bila kuombwa. Hata hivyo Rehema akienda Moshi kwa harusi anapita na kamera yake, na Mama anavaa miwani anahesabu mashina. Kuna mawili yamekauka. Amekwishampigia shemeji yake kumwambia. Bega la kulia lililokakamaa kwa kulala limeanza kulegea kwa sababu ya kule kunyosha mkono. Daktari anasema aendelee. Uji anakunywa wote. Asubuhi haniulizi tena tumekuweka wapi. Ananieleza mimi.

Kitu kimoja sijamwambia yeye, nakuambia wewe. Mimi sijaivaa kukuona. Nimeijaribu dukani kwa picha za samaki, nimeisafisha vioo, nimeichaji, nimemvisha na kumvua sijui mara ngapi. Video yako nimeiona kwenye kompyuta tu, bapa, nikitafuta mshono. Kusimama mle ndani mbele yako sijathubutu. Naogopa nitageuza kichwa, nione kila kitu kimekaa mahali pake, jua, migomba, kaburi, halafu nivue nijikute kibandani. Sijui kama ningeweza kufanya kazi siku hiyo.

Basi sitaivaa. Desemba nitapanda mwenyewe. Nitapitia upande wa masale kwanza, nitembee mpaka wote kwa miguu, kona hadi kona, niujue. Kisha nitavua viatu nije nikae kwako, na safari hiyo nitajitahidi nisilie mpaka nimalize kuangalia.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu. Anasema magugu ya upande wa kichwani bado.

Binti yako,
Aikande