Nimetoka Majini kwa Miguu Yangu, Mama Mdogo

Mpendwa Mama mdogo,

Barua hii nimempa mama mmoja muuza samaki anayevuka kuja huko Uganda, maana simu yako haipatikani tangu mwezi uliopita. Ameahidi kuulizia katika kambi ya wakimbizi mpaka akupate. Usishtuke kuona karatasi nyingi hivi, habari ni njema. Jumamosi nilimaliza yale mashindano ya michezo mitatu, kuogelea, baiskeli na mbio, yaliyonishinda mwaka jana.

Mwaka jana sikukueleza vizuri, niliona haya. Sikuzama. Niliogelea ziwani Kasenyi mpaka nusu ya njia, nikalala chali nipumzike kidogo, wavuvi wakaniona. Unawajua watu wa Kasenyi, hawampiti mtu majini. Hawaulizi kama anacheza au anakufa, wanamvuta kwanza. Walinipandisha mtumbwini, wakanifunika koti linalonuka samaki, wakanifikisha pwani wakijisifu, na mwamuzi akalifuta jina langu. Hata kuwakasirikia nilishindwa. Lakini mwaka mzima nimekuwa nikitaka jambo moja tu, kutoka katika maji yale kwa miguu yangu mwenyewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Mama alipofariki nililetwa kwako Kasenyi nikiwa na miaka saba, nimekonda, sisemi na mtu. Ulinifunga bidoni tupu, dumu la mafuta, kifuani kwa kipande cha kitenge, ukasimama pale maji yanapokufika magotini, ukaniamrisha kama kapita anayesimamia vibarua: "Usiangalie chini. Angalia mulima." Nilipolia ulicheka. Nilipofika mbali ulinyamaza kabisa, nami nikadhani umenichoka. Ulikuwa mkali, Mama mdogo, tuambizane ukweli. Na ulikuwa na vituko vyako. Wenzako wakienda sokoni Tchomia kwa mtumbwi, wewe ulitembea kwa miguu na beseni kichwani, ukidai ubao wa mtumbwi unakuumiza kiuno.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano ungecheka. Hapa Bunia hatuna ziwa, na bwawa la hoteli si la mwalimu wa shule ya msingi. Kwa hiyo Jumatatu nililala kifudifudi juu ya kigoda uani, nikapiga mikono hewani nusu saa nzima, kuku wakikimbia huku na huku. Majirani wameshanipa jina, wananiita Madame Maji.

Jumanne asubuhi nilitoka kukimbia hapa Nyakasanza, nikasahau jambo ambalo mtu wa Bunia hapaswi kusahau: hapa ukimwona mtu anakimbia, hukai kuuliza, unakimbia pia. Kulikuwa na mama mmoja aliyehama kutoka Djugu kwa sababu ya vita, anapanga mihogo yake njiani. Kuniona tu, akambeba mjukuu mgongoni akanifuata mbio, na wanawake wawili nyuma yake. Niliposimama naye akasimama, akihema, akaniuliza wenye bunduki wametokea upande gani. Nikamwambia ni michezo tu. Nikaona aibu mpaka miguuni.

"Madame, kimbiaka na wimbo," akasema. "Mutu ya kukimbia vita haimbaka."

Nilirudi naye kuokota mihogo. Tangu hapo nakimbia nikiimba nyimbo za kwaya, pumzi ikikatika katikati ya kila ubeti. Jumatano, baada ya darasa, nilipanda na kushuka vilima kwa baiskeli mpaka mapaja yakakataa. Alhamisi nilipumzika, na Ijumaa tukashuka Kasenyi kwa gari, sisi wa chama chetu cha michezo, baiskeli zimefungwa juu.

Jumamosi wanawake tulikuwa watatu tu. Nilianza vizuri. Nilipopita nusu ya njia mshipa wa mguu wa kushoto ulijikaza, ukauma vibaya sana, na sikuwa na jinsi ila kugeuka chali palepale, kama mwaka jana. Halafu nikasikia kasia. Nikajua nimekwisha.

Alikuwa mvuvi mwenye mvi, peke yake. Alininyoshea kasia nishike.

"Baba, usinishike," nikamwambia. "Ukinishika wananifuta."

Hakuelewa. Nadhani hajawahi kukataliwa mkono na mtu aliye majini. Akaniuliza, "Weye iko mutoto ya nani?" Nikakutaja wewe. Akanitazama, akarudisha kasia ndani ya mtumbwi. Niliusugua mguu mpaka ukalegea, nikaanza tena, naye akanifuata nyuma polepole mpaka nikakanyaga mchanga.

Nilikuwa navaa viatu vya baiskeli alipovuta mtumbwi wake pwani na kunijia.

"Njo vile tulikufuataka ukiwa mudogo," akasema. "Mama yako mudogo alikuwa natuomba tupite nyuma yako. Alisema mutoto asituone."

Nikamuuliza kwa nini hukunifuata mwenyewe. Akanishangaa.

"Ule? Hakujuaka kuogelea. Maji ikipita magoti, alikuwa natetemeka."

Nilibaki na kiatu kimoja mkononi. Mwenzangu akanipita, akaniuliza kama nimeumia, nikamwambia hapana. Ule mlima wa kutoka ziwani niliupanda kwa baiskeli nikilia, karibu na Bogoro nikaanza kucheka, na kilio kikarudi tena kabla sijaiona Bunia. Mbio sikumbuki vizuri, ila nakumbuka kwamba niliimba. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikatikiwa na mnyororo wa baiskeli. Jina langu liliandikwa. Wenzangu walinibeba juujuu kama bibi harusi, nami nikawaacha wanibebe.

Leo mabega yote yanauma, na nakufikiria ile siku mlipoikimbia Kasenyi kwa vita. Mimi nilikuwa huku Bunia, kwenye masomo yangu ya ualimu. Ulinipigia simu kutoka upande wa pili wa ziwa, ukasema umefika salama, ziwa lilikuwa tulivu, safari nzuri, nisiache masomo. Nikakuamini. Nikarudi kwenye daftari zangu.

Sasa ndiyo naiona safari ile. Mtumbwi umejaa watu na magodoro, maji pande zote, na wewe katikati, hujui kupiga hata mkono mmoja. Hukusema neno. Kwa chakula chako nakushukuru, kwa shule nakushukuru, na kwa ukali wako pia, uliniweka sawa. Lakini shukrani iliyonifanya nichukue kalamu ni hii nyingine, ambayo nimeijua Jumamosi: asante kwa kuogopa peke yako miaka yote ile, ili mimi nisiogope.

Mtoto wa dada yako, ambaye ni wako