Majirani Wameifungia Baiskeli Yangu Bandani, na Sasa Kuku Anaatamia Ndani Yake

Bi Mbodze, shikamoo. Nakuandikia nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu timamu, na nakuomba unishauri kabla sijaiba baiskeli yangu mwenyewe.

Mimi naitwa Christabel, ni mtu wa bara, nilikuja Diani kufanya kazi ya dobi hotelini, nikafanya mpaka siku niliyogongwa na gari mgongo ukaharibika na miguu ikakataa kabisa, na tangu hapo natumia kiti cha magurudumu. Nilihamia huku Munje kwa sababu nyumba ni za chini, hazina ngazi, na Mungu akanipa majirani ambao sijaona wengine kama wao, hasa Mama Husna wa nyumba ya pili, ambaye nilipopata vidonda vya kulala alinigeuza kitandani na kunifulia mashuka miezi yote ile bila kukunja uso hata siku moja, na mimi si ndugu yake wala si wa dini yake. Kazi yangu sasa ni kuchora kuta za maduka, samaki, chapati, kichwa cha mbuzi na maandishi yake, na kwa kuwa nachora nimekaa, michoro yangu yote iko chini, kwa hiyo ukifika Munje utakuta watu wazima wamechuchumaa mbele ya duka wakisoma kama kuna unga. Wateja wanapenda. Kinyozi mmoja aliniambia kwamba mtu akishachuchumaa huona uvivu kwenda kwingine, anaingia tu kunyolewa.

Shida yangu, Bi Mbodze, ni kamati. Majirani walikutana bila mimi wakaunda kamati ya kunisukuma, Mama Husna akawa mwenyekiti, na kila siku ina mtu wake, tena wanagombania zamu, lakini hakuna anayeniuliza ninataka kwenda wapi, anayenisukuma ana shughuli zake na mimi nafika huko huko. Siku ya Mzee Kombe nashinda kwenye kikao cha wafugaji wa mbuzi, na sasa hata mimi nina msimamo kuhusu dawa za minyoo. Siku ya Caroline ni mazoezi ya kwaya, nami kuimba sijui, nimewekwa kwenye besi pamoja na wanaume. Juzi Mzee Kombe alikuwa na msiba Kikoneni, wakanipandisha kwenye pikapu na kiti changu, na watu wa huko walipoona nimebebwa kutoka mbali namna ile wakajua lazima mimi ni jamaa wa karibu wa marehemu, wakanisogeza mbele kabisa wakanipa kipaza sauti. Ningesema nini? Nilisema alikuwa mtu wa watu. Nikalia, tena nililia kwelikweli, kwa sababu wote walikuwa wanalia, na mjane akanikumbatia akasema, "Kumbe wewe ndiwe Kadzo ambaye marehemu alikuwa akimtaja kila siku," nikashindwa kukataa. Sasa nimealikwa kwenye kikao cha kugawa mashamba.

Nikaona hapa lazima nijitoe. Kuna fundi wa kuchomelea vyuma Msambweni anayeitwa Gilbert, ambaye mkono wake mmoja unaishia kwenye kiwiko, tukakaa naye tukabuni baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ina kikapu cha kuwekea rangi nyuma, na kiti chake kina mpini, ukiuzungusha kiti kinapanda mpaka nafikia ukuta kule juu. Siku ya kwanza niliondoka asubuhi peke yangu mpaka kwenye bucha moja karibu na barabara kuu, nikachora ng'ombe akakaa juu kama ng'ombe wanaochorwa na watu wengine. Nilikuwa naimba, na sikuimba besi. Huku nyuma Mama Husna akakuta nyumba tupu. Ikatangazwa msikitini, ikatangazwa kanisani, watu wakatumwa ufukweni kuangalia majini, na Mzee Kombe akakutwa ameinama kisimani akiniita kwa sauti ya upole. Waliponipata, kundi zima lilisimama chini yangu.

"Shuka!" Mama Husna alipiga kelele. "Wataka kutuua?"

"Mama, nipo kazini."

"Kazi gani huko juu? Na ukianguka ukafa, sisi tutamsukuma nani?"

Kamati ikakaa jioni ile ile, ikaamua kwamba kwa usalama wangu baiskeli ihifadhiwe kwenye banda la kuku la Mzee Kombe, na kuku mmoja akaingia kwenye kikapu cha rangi akataga, sasa anaatamia, na Mzee Kombe anasema hakuna wa kuigusa kabla vifaranga hawajatoka kwa sababu ni dhambi kumsumbua mzazi. Kila siku napitishwa pale nikisukumwa, naiona baiskeli yangu kupitia wavu, na kuku ananitazama.

Na sasa chekechea moja ya Majoreni imeniita nikachore ukuta wao wote kuanzia chini hadi juu, chochote nitakacho, na wameniambia wazi kwamba nisipofika mwanzo wa mwezi watamtafuta mwingine. Nilipoiambia kamati walipiga vigelegele, kisha wakapanga kwenda kunichorea wao. Caroline ameshajaribu twiga kwenye ukuta wa nyumba yangu. Twiga mwenyewe ana magoti shingoni.

Nifanyeje? Nikiwaambia waniache, nitakuwa nimemtemea mate mtu aliyenifulia mashuka, na nikinyamaza nitazeeka nikizika watu nisiowajua. Nihamie Ukunda? Au niibe tu, hata na kuku wake?

Christabel, Munje. (Usilifiche jina, huku wote watajua ni mimi.)

*

Christabel mwanangu, marahaba. Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini, kisha nikafika penye mashuka nikairudia sentensi ile mara mbili. Pole kwa yaliyokupata. Huko kwenye kikao cha mashamba usiende! Mpigie yule mjane leo, umtajie jina lako la kweli na umtake radhi, kwa maana ukichelewa utarithi shamba pamoja na kesi yake.

Sasa nikuambie ukweli. Majirani zako wana makosa, nitawafikia. Lakini wewe umesukumwa hadi Kikoneni na mdomo ulikuwa nao. Iliyokataa ni miguu, ulimi haukukataa. Umekuwa ukimlipa Mama Husna kwa kunyamaza, na yeye hakukuomba malipo hayo; maskini, anadhani unaifurahia kwaya. Na je, umewahi kumuuliza Mzee Kombe kiuno chake kinasemaje baada ya kusukuma kiti kwenye mchanga wa Munje? Huenda na wao wamechoka, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kusema.

Nanyi wanakamati, najua mnasoma hapa. Mali ya mtu mzima haifungiwi pamoja na kuku. Ile baiskeli ndiyo miguu yake. Je, Mama Husna angefungwa miguu akaambiwa ni kwa usalama wake, mngekaa kimya? Moyo wenu naupenda, wallahi, ila kabla ya kushika kiti, mwulizeni mwenye kiti. Na Caroline, twiga uache.

Christabel, fanya hivi. Nenda kwa Mzee Kombe mchana kweupe, msalimu vizuri, umwambie umefuata chako. Kuku anayeatamia huhamishwa jua likizama, taratibu, pamoja na mayai yake, kwenye boksi lenye majani makavu. Nimefuga kuku, najua, hatalaani mtu. Mzee amhamishe mwenyewe, asubuhi uondoke na baiskeli yako. Kisha itisha kikao kwako, wewe ndiwe mwenyekiti. Watu wenye nguvu na mapenzi kiasi hicho wasikae bure: wamwage kifusi washindilie ile njia ya mchanga kutoka mlangoni kwako hadi barabarani, na duka lenye ngazi lijengewe mteremko. Caroline achanganye rangi. Majoreni ni mbali na mikono yako si injini, kwa hiyo mwenye pikapu aipakie baiskeli, na safari hii wewe ndiwe utakayemwelekeza. Ukifika popote, piga simu. Hilo wana haki nalo, maana kumwita mtu kisimani si jambo dogo.

Lakini kabla ya kikao nenda kwa Mama Husna mkiwa wawili tu, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na ya mashuka uyaseme. Atalia. Mwache alie, usirudi nyuma. Na siku utakayomaliza kazi Majoreni, usiende kwako kwanza. Ukishushwa barabarani, zungusha mikono mpaka mlangoni kwake, mtu asikuguse, upige hodi. Miaka yote hii amekuwa akikuchukua na kukurudisha. Hajawahi kukuona ukimtembelea.