Mji Usio na Choo

2 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na goti lako. Tangu niache kazi yako ya ujenzi hatujasemezana, nami nimechoka kununa. Nakutumia mchoro wangu uone kilichoniondoa kwenye saruji.

Ni mji usiokuwepo popote. Nyumba zinaning'inia mawinguni kwa kamba, maana wenyeji wanapenda kubembea. Barabara hukunjwa jioni kama mikeka, nazo zipumzike. Mlango ni mmoja tu, majirani wanaazimana.

Mchoro utaonyeshwa kwenye ukumbi wa sanaa mwezi ujao. Ukiupenda, njoo. Ila nirudishie mapema, sina nakala.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, lakini tumeshazoeana. Mchoro nimeutandaza mezani wiki nzima, na fundi hawezi kuona kasoro akanyamaza. Kamba zako haziwezi kubeba nyumba, labda banda la kuku. Nimeziongezea nguzo. Mnara ulipinda, nimeunyoosha. Halafu mji mzima hauna choo hata kimoja! Hao wanaobembea wakibanwa, waende wapi? Nimewawekea vyoo, upande ambao upepo hauleti harufu.

Penseli yangu ya kazi ni nene, usinikasirikie. Kuhusu kuja, tutaona.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Nilipofungua bahasha nililia kwa hasira. Kifutio hakikufua dafu, maana umekandamiza hadi karatasi imebonyea.

Nikakaa na mchoro, nikiwa bado nimevimba. Ndipo nikaona umeingia kila chumba, hata kile kidogo nilichokificha nyuma ya wingu, ukakitoboa dirisha ili mwenyewe apate hewa. Baba, hakuna aliyewahi kuutazama mji wangu hivyo. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Sifuti kitu. Mchoro utatundikwa ulivyo, na pembeni kuna nafasi ya majina mawili. Niandike na lako?

Binti yako

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikairudia. Nilisema umeikimbia kazi yangu, kumbe mtoto wa nyoka ni nyoka, ila wewe unajengea juu kwa juu.

Jina langu usiliandike. Nimejengea watu nyumba maisha yangu yote, na hakuna hata moja yenye jina langu. La kwanza nataka niliandike mwenyewe. Utundike mahali mkono wangu unapofika.

Nakuja Ijumaa.

Baba yako