Alama Juu ya Sukari

Kileleshwa, Nairobi
5 Februari 1967

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kama mchanga wa mtoni. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima.

Memsabu Namalwa amemwombea Kanini nafasi katika shule ya hapa karibu, ile iliyokuwa ya watoto wa Wazungu. Mwanawe mwenyewe yuko naye darasa moja. Mama, mimi nimepiga pasi mashati ya watu tangu usichana. Binti yangu hatapiga. Nikifukuzwa kazi naye shule imekwisha, kwa hiyo naenda kwa adabu.

Masomo yenyewe yatakuchekesha. Hawakariri wakitazama fimbo. Wanahesabu vifuniko vya soda, wanauziana mikebe mitupu, na herufi huziandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga. Mwalimu Ngina anasema mtoto hujifunza kwa mikono. Nimemwambia Kanini aguse kila kitu.

Sukari umeipata? Usiseme kanisani ilikotoka.

Bintiyo,
Nzula

Mbooni
20 Februari 1967

Binti yangu,

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila magoti.

Sukari ilifika, kidogo mno, ungedhani umenitumia dawa. Mke wa mzee wa kanisa alikuja, nikamkaribisha chai kama maji ya kuoshea vikombe. Mwanawe anafagia barabara Westlands na humletea kilo nzima. Wewe unalala kwa wakubwa, unanitumia vijiko! Mkono mtupu haulambwi.

Na shule gani ya kuchezea mchanga? Huku upo tele, wa bure.

Mama yako,
Munyiva

Kileleshwa
6 Machi 1967

Mama mpendwa,

Natumai magoti yamepoa. Sisi wazima.

Usinikasirikie. Memsabu amekuwa mjanja. Akishakunywa chai huchora juu ya sukari kwa kidole, N yenye mkia, apate kujua kama imeguswa. Nami nikishachota nalainisha kwa kijiko, naichora tena ile ile. Kanini hunishikia mkebe. Ijumaa utapata kilo yako kwa basi.

Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wanaalikwa kuona watoto wanavyojifunza. Nimemfulia Kanini sare mara mbili.

Bintiyo,
Nzula

Westlands
20 Machi 1967

Mama,

Hujambo? Sisi si wazima sana.

Siku ile ya wazazi Mwalimu Ngina aliuliza nani ataandika herufi mchangani. Kanini akawahi mbele, akaandika N, na mkia wake. Wageni wakapiga makofi.

“Nani amekufundisha?” mwalimu akamwuliza.

“Mama. Huiandika juu ya sukari akishachota.”

Memsabu alikuwa amesimama hapo hapo. Hakupiga kelele. Aliinama, akamwuliza kwa upole, “Na mkia huu?”

“Mkia ni mwisho, kwa kidole kidogo.”

Jioni godoro letu lilikuwa nje ya geti, na shuleni jina la Kanini limefutwa. Tunalala stoo kwa mtu ninayemfahamu. Nilimchapa vidole kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Alikuwa akilia na kuniuliza amekosea herufi gani.

Tunataka kuja nyumbani.

Bintiyo,
Nzula

Mbooni
31 Machi 1967

Nzula,

Salamu. Mimi mzima.

Usije. Mambo yameshafika kanisani kwa mdomo wa yule mfagiaji wa Westlands, nami sina uso wa kuwatazama watu. Siku za mwizi ni arobaini. Mimi niliomba sukari, sikuomba wizi. Sikuzaa mwizi.

Mtoto umtume, kuna maji ya kuchota. Wewe kaa huko huko.

Munyiva

Westlands
12 Aprili 1967

Mama,

Nimepata kazi ya kufua, ila hawataki mtoto. Kanini anakuja kwa basi la Ijumaa, lile lile la sukari. Kondakta atakukabidhi yeye na kikapu cha nguo.

Hujambo sikukuuliza, maana nimekasirika. Sukari uliinywa, mama.

Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri. Akiona mchanga huficha mikono nyuma. Nakuomba mtafutie shule, hata ya kukariri. Nilimkosea, na siwezi kumwambia.

Bintiyo bado,
Nzula

Mbooni
24 Aprili 1967

Nzula,

Mtoto amefika. Shule ya huku imejaa, na vidole vile vinatosha kushika ndoo.

Kikapu nimekipekua mpaka chini. Sukari haimo.

Mama yako,
Munyiva