Tawi Bichi Kwenye Njia Panda

Makanyagio, Mpanda
16 Juni 2024

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima na lile goti limetulia. Huku hatujambo. Shangazi Josefina anakohoa vumbi la kiangazi, na Bibi Tereza kule Usevya ameagiza nikwambie bado anadunda.

Najua utashangaa simu ipo halafu naandika. Baba, kwenye simu mimi nakuwa bubu. Ukiuliza shule, nasema nzuri. Ukiuliza nimekula, nasema ndiyo. Halafu Shangazi ananinyang'anya: "Lete hapa, unammalizia mtu vocha kwa kupumua!" Ndiyo maana barua hii nimempa Fabiani akuletee, yule kondakta wa basi la Mwanza.

Nina ombi moja. Tarehe mbili Novemba ni Siku ya Marehemu Wote. Tangu tumzike Mama kule shambani hatujarudi kulisafisha kaburi lake, na huu ni mwaka wa tatu. Wenzetu wanapalilia, wanawasha mishumaa. La kwetu sijui hata linafananaje sasa. Naomba uje twende wote.

Utangulie kama zamani. Unakumbuka? Wewe na Mama mlikuwa mbele na majembe, mimi nachelewa kwa matunda pori. Kila njia ilipogawanyika ulikata tawi bichi ukalilaza kwenye njia ya kupotea. Nikiliona najua huku siyo. Sikuwahi kupotea.

Ni mimi mwanao,
Faith


Mwanza
7 Julai 2024

Kwako mama, binti yangu,

Marahaba sana. Mimi mzima. Goti linaniuma nikikaa, nikitembea linanyamaza, kwa hiyo kazi hii ya kutembeza wageni imelifaa. Msalimie Shangazi, mwambie amwagie uwanja maji.

Nikusimulie njia zangu. Ya kwanza inaanzia nyumba za mwisho za mlimani, pale akina mama wanapoanika dagaa kwenye mwamba. Unapita katikati ya mawe makubwa kuliko kanisa la Usevya, na pimbi wanakukodolea macho kama wadai. Ukifika juu, jiji lote liko chini yako, mabati yanang'aa, na ziwa halina mwisho. Ya pili iko nje ya jiji, inapita msituni, ina kivuli na kijito. Wateja wangu ni watu wa maofisini. Wao wanaita haikingi. Wanalipia kutembea, mwanangu! Nikimwambia Bibi yako atadhani nimelewa.

Kuhusu Novemba tutaona. Huo ni msimu wa watu wengi.

Baba yako,
Telesphor


Makanyagio
11 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku salama, nilikuwa na malaria kidogo lakini imeisha. Wewe je, unakula vizuri?

Nimekuomba kitu kimoja ukanijibu kwa pimbi. Samahani, usoni nisingeweza kukwambia hivyo. Hapa naweza.

Nikuungamie jambo. Mwalimu Gervas alitupa insha ya Kiingereza, tuandike kuhusu wikiendi zetu. Nikaandika kwamba kila Jumamosi natembea na baba yangu kwenye milima ya Mwanza, yeye mbele, mimi nyuma. Nikaweka ziwa, mabati na wale pimbi. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, wakapiga makofi. Emelyne, tunayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Kumbe nyie mna raha hivi, na unavyokaa kimya!" Nilitaka kuzama chini ya meza.

Kwa Kiingereza uongo ulinitoka laini kabisa. Labda kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayekisema. Nilijaribu kuandika hayohayo kwa Kiswahili, mkono ukagoma.

Baba, unawaongoza wageni kila wiki. Kwa nini njia yetu moja inakushinda?

Mwanao,
Faith


Mwanza
1 Septemba 2024

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Pole kwa malaria, umalize dawa zote, usiache ukijisikia nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechubuka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kundi kubwa. Kwenye njia panda nikalaza tawi kama kwetu, nikaenda na wa mbele. Wa nyuma wakalikuta. Kijana mmoja akasema, "Jamani, mbele kuna gari limeharibika!" Wakacheka, gari gani juu ya mawe. Dada mwingine akaliokota akalitupa pembeni, eti anatunza mazingira. Wakaingia njia ya kupotea, ile inayoishia kwenye korongo. Nimewatafuta mpaka jua linaingia ziwani. Hawakuumia, michubuko tu. Bosi akanifokea mbele yao: "Telesphor, unaongoza watu au mbuzi? Chora mishale!"

Sasa nachora mishale myekundu kwenye mawe. Huku hakuna anayelisoma tawi.

Umeniuliza na nitakujibu. Wageni hawajui nani alikuwa anatembea ubavuni kwangu. Njia ya kwetu ina sauti ya mama yako mwanzo mpaka mwisho. Hapa alijikwaa, pale alinicheka. Pasaka nilikata tiketi ya kuja. Nilipanda basi, nikashuka kabla halijatoka stendi. Sikumwambia mtu.

Usinisubiri mwaka huu, mama. Nisamehe.

Baba yako


Usevya
22 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefunga shule, niko kwa Bibi. Hajambo ila miguu imevimba, hawezi tena kwenda mbali. Kwenye basi tulifunga madirisha porini kote, bado mbung'o wameniuma shingoni.

Nimeisoma barua yako nyuma ya jiko, peke yangu. Sijakasirika. Nilikuwa nadhani umetusahau, kumbe unakumbuka kuliko mimi.

Juzi nilichukua panga la Bibi nikaenda mwenyewe. Njia imefungwa na nyasi zinazonipita kimo. Nimekata mpaka ile njia panda. Halafu nikasimama. Baba, sikujua niende wapi! Moja inaenda shambani, nyingine inashuka mtoni kwenye viboko, na zote mbili zinafanana. Nimepita pale utoto wangu wote. Kumbe sikuwahi kujifunza njia. Nilijifunza matawi yako.

Nikageuka, nikalia kidogo, nikarudi. Ngusa, yule jirani mwenye ng'ombe, amesema, "Twende nikupeleke, ni hapo tu." Nimemshukuru nikakataa. Bibi ameniambia, "Kichwa ngumu kama baba yako!" Nimefurahi kuitwa hivyo.

Kuanzia hapa kijijini mpaka njia panda nimepasafisha. Sitaenda mbele bila wewe.

Mwanao,
Faith


Makanyagio
20 Oktoba 2024

Shikamoo Baba,

U mzima kweli? Fabiani anaapa barua ya Usevya alikupa mkononi, anasema uliisoma umesimama hapohapo stendi, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga. Shangazi akikupigia simu haipatikani. Anajifanya hana wasiwasi lakini juzi ameunguza ugali.

Kama nilikosea kuandika habari za viboko, nisamehe. Tarehe moja nitaenda Usevya, nimeshaomba ruhusa kwa Mwalimu Gervas. Nikishindwa pale njia panda nitawasha mshumaa hapohapo.

Mwanao


Usevya, kwenye njia panda
2 Novemba 2024, asubuhi

Baba,

Shikamoo.

Naandika nimekaa chini, karatasi iko juu ya goti, kwa hiyo mwandiko usiucheke. Bibi hakuniambia kitu. Aliniamsha tu, akanipa mshumaa, akasema panga halipo, limeazimwa, niende hivyohivyo. Nikaona anaficha uso kwa khanga, nikadhani analia.

Nimefika hapa. Kwenye njia ya kushoto kuna tawi. Limelazwa kwa kukingama, majani yameelekea huku ninakotokea. Nimeligusa pale lilipokatwa, utomvu umenata kidoleni.

Sijapiga kelele. Unanijua. Nimekaa kwanza niandike, kwa sababu nikikufikia najua nitakuwa bubu tena. Utauliza shule, nitasema nzuri. Utauliza nimekula, nitasema ndiyo. Kwa hiyo barua hii nakuletea mwenyewe, Fabiani apumzike. Ukiisoma usinitazame usoni, tazama huko shambani.

Niliyotaka kusema ni haya: nimekukumbuka mpaka nikatunga uongo kwa Kiingereza. Na ukitaka kurudi Mwanza kesho, rudi, lakini leo nifundishe njia yenyewe, siyo matawi tu. Na kama Mama alijikwaa mahali, nionyeshe hapo mahali.

Nasikia panga linakata nyasi huko mbele. Sasa limenyamaza. Nadhani unanisubiri.

Nakuja.

Mwanao wa nyuma,
Faith