Yoga Sitaiacha, Shangazi

Mlango wa tatu, ghorofa ya kwanza,
Nyuma ya ofisi ya posta.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo yangu uipokee kwanza, kabla hujafika kwenye maneno mengine, maana najua ukiyafikia utakunja uso. Goti linaendeleaje? Kaka ameniambia umebadilishiwa dawa na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi sana. Hapa Mama ni mzima, ila sukari yake haitabiriki. Binti yangu ameota meno mawili ya mbele, na siku hizi hafungi mdomo, anataka kila mtu ayaone. Mimi mwenyewe sijambo, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea ya barua tu.

Barua uliyomwandikia Kaka nimeisoma. Alinipa mwenyewe, akanisimamia hadi nikamaliza. Umemwagiza mambo mawili: anizuie kwenda yoga, kwa kuwa ni mambo ya watu wasio na kazi, na anizuie kwenda kwenye tume inayochunguza ajali ya kiwandani, kwa kuwa aliyeponea chupuchupu hapaswi kuwachokoza waliomwajiri. Shangazi, nakuheshimu kama nilivyomheshimu marehemu Baba. Yote mawili nimeyakataa. Nakuomba usome mpaka mwisho. Ukishamaliza, kasirika upendavyo.

Habari za ajali ulizipata kwa watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Pale kiwandani tulifua na kupiga pasi mashuka ya mahoteli, na mwenzangu wa mashine ya jirani tulimwita Kengele, kwa sababu sauti yake ilipenya kelele zote. Miaka sita tulikunja mashuka pamoja, yeye pembe hizi, mimi pembe zile. Mvuke wa pasi ulitoka kwenye boila, lile tangi la kuchemshia maji, chumba cha pili. Vali yake ya usalama, ile inayofunguka yenyewe mvuke ukizidi, ilikuwa ikivuja wiki nzima. Msimamizi alichoka kuisikia ikifoka, akaifunga kwa waya. Tulimwona, mimi na Kengele. Kengele alimwambia kwamba waya ule utatuua, naye akamjibu akakunje mashuka.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, Kengele alikwenda kuchukua mashuka yaliyokuwa yakikauka kando ya chumba kile. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yake, nasukuma toroli. Boila ikapasuka. Nilichokiona sitakuandikia. Yeye hakutoka. Mimi nilitoka na kovu la mkono wa kushoto, na mengine yasiyoonekana.

Tangu hapo mwili wangu ukawa kama mlinzi aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kulala. Birika likianza kuchemka, au basi likifungua milango kwa ule mlio wa hewa, moyo ulinienda mbio, vidole vikafa ganzi, sauti ikapotea. Niliacha kupika. Nilimfokea mtoto kwa sababu tu alipiga chafya. Kaka aliniambia nijikaze. Nilijikaza miezi mitano, Shangazi, hadi meno yakaniuma kwa kuyabana, na sikupata nafuu hata ya siku moja.

Wakati huo huo kampuni ikaandika kwamba marehemu Kengele ndiye aliyechezea vali. Tume ya uchunguzi iliponiita mara ya kwanza, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mara ya pili mtu mmoja alifungua chupa ya soda nyuma yangu. Nilijikuta nje kwenye ngazi, sijui nimefikaje. Mwanasheria wa kampuni akaandika kwamba shahidi hana akili timamu.

Muuguzi aliyekuwa akinisafisha kidonda ndiye aliyenielekeza kwenye yoga hii. Inafanyika katika ukumbi mdogo juu ya maktaba, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi jioni. Tupo tisa, kila mtu na lake, na hatuulizani. Mwalimu ni mama wa makamo, mnene, zamani alikuwa akiwanyoosha viungo wagonjwa hospitalini, na soksi zake hazifanani hata siku moja. Hakuna anayeabudu kitu pale. Hakuna anayejipinda kama waya wa simu. Wengi wetu tunakaa kwenye viti.

Siku ya kwanza sikuvua hata viatu. Mwalimu alisema, "Mlango hauna ufunguo. Anayetaka kutoka atoke. Anayetaka kufumba macho afumbe, anayetaka kuyaacha wazi ayaache. Mwili ni wako, mimi ni mgeni tu." Niliweka nyayo sakafuni, nikapandisha mabega, nikayashusha. Baada ya dakika kumi nikaondoka. Hakuna aliyenifuata. Alhamisi niliporudi, hakuna aliyeniuliza nilikwenda wapi.

Wiki ya tatu alinikuta nimekakamaa, akaniuliza kama naruhusu aniwekee mkono begani. Nikasema, "Hapana." Akasema, "Sawa," akaenda kwa mwingine. Basi. Nilikaa pale nikalia hadi kola ikalowa. Miezi yote ile watu walikuwa wananishika, wananisukuma, wananikalisha, wananiambia niseme na ninyamaze. Hiyo ilikuwa hapana yangu ya kwanza iliyopokelewa bila mabishano.

Sitaki udhani ilikuwa rahisi. Kuna siku tuliambiwa, tukipenda, tusikilize pumzi zetu, na pumzi yenyewe ikaniletea ule mvuke. Nilitapika kwenye ndoo ya mfagizi. Mwalimu aliniambia niachane na pumzi, haina ulazima, nikandamize viganja mapajani na kutazama kitu kimoja kilichopo chumbani. Nilitazama kabati la bluu lenye bawaba moja mbovu. Nilirudi nyumbani na miguu yangu mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa nilisimama mlangoni mwa jiko, nikalisikiliza birika hadi likachemka. Chai niliyokunywa siku hiyo ilikuwa mbaya, nilisahau majani. Niliimaliza.

Kaka alipopata barua yako alikuja hadi ukumbini. Alisimama mlangoni na kofia yake, akaniambia niinuke twende. Nilimjibu nikiwa nimekaa, mikono juu: "Nimebakiza dakika ishirini. Ukipenda kaa, ukipenda nisubiri chini." Shangazi, sijawahi kumjibu hivyo tangu nizaliwe. Alishuka. Nilimkuta maktaba akisoma gazeti la mwezi uliopita. Njia nzima mkoba wangu aliubeba yeye.

Tume iliponiita mara ya tatu, nilikwenda. Msimamizi alikaa mkabala nami, akigongagonga kalamu mezani. Niliomba aache, mwenyekiti akamwambia aache. Nyayo niliziweka sakafuni, viganja mapajani. Mwanasheria akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo haikuwa na upole wowote, "Wewe si ndiye uliyekimbia mara iliyopita?"

Nikamwambia, "Ndimi. Leo sijakimbia. Andika na hilo."

Nikaeleza. Mara mbili sauti iliniacha. Mara mbili niliomba kusimama, nikasimama, nikanyoosha mikono mbele yao wote, wakanitazama kama kioja, nikakaa, nikaendelea. Nilieleza juu ya waya, siku ulipofungwa, mkono uliofunga, na alichosema Kengele. Nilipomaliza, mzee aliyekuwa akihudumia boila, ambaye tangu mwanzo alisema hakuona kitu, alinyoosha mkono. Alisema koleo lililokata ule waya lilikuwa lake, na msimamizi ndiye aliyeliazima.

Ripoti imesomwa Ijumaa iliyopita. Vali ilifungwa kwa waya na msimamizi, na marehemu hakuigusa. Nilimpigia simu mama yake Kengele nikamsomea sentensi hiyo. Akaomba niirudie. Nikairudia. Akaomba tena, polepole, ili aiandike kwa mkono wake.

Sijapona, na sitakudanganya. Bado kuna mlio unaonirusha kitini. Kiwandani sitarudi, wamenitumia salamu mara mbili kwamba nirudi, na mara zote mbili nimesema hapana, neno ambalo sasa naliweza vizuri. Kampuni imetangaza itapinga ripoti, na mwanasheria wake amesema hadharani kwamba nitachoka. Na wapinge. Wakiniita mara ya nne nitakwenda, ya tano nitakwenda, na Jumatatu na Alhamisi watanikosa, kwa sababu nitakuwa darasani.

Mama anakusalimu. Siku hizi tunakwenda wote. Anadai anakuja kunichunga, lakini nimemwona anavyonyoosha mikono kuliko sisi sote. Wasalimie binamu zangu mapacha, na jirani yako fundi cherehani. Kaka naye anakusalimu. Amesema jibu la barua yako niliandike mimi, yeye hana la kuongeza.

Mungu akuzungushie amani, na akuache na hasira kidogo tu, ya kukutia nguvu.

Akupendaye, na ambaye safari hii hakukutii,

Mtoto wa kaka yako.